Sikio la Fundi Gisiri

Ukifika leo Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu, muulize mtu yeyote, hata yule mama anayeuza karanga kando ya barabara, ni fundi gani wa nguzo anayeaminika kuliko wote. Atakuambia ni Gisiri. Hatafikiri mara mbili, na atakuonyesha hata nyumba. Mimi niliishi katika nyumba hiyo. Nilimpikia huyo Gisiri, nikamzalia mtoto, na nikisikia jina lake likisifiwa natamani kurusha kitu.

Lakini sitaki kuanza kwa kumchafua. Jina lile hakuliiba. Alilitafuta kwa haki, na mimi nilikuwepo nikimtazama.

Alitoka Kegonga, huko Kuria, kwao wanalima tumbaku na mahindi, akaingia Masara bila mtu wa kumjua. Kazi ya fundi wa nguzo ni kuushika mwamba usiwafunike watu. Anateremka na magogo ya mkaratusi, anayasimamisha pande zote za shimo, anayabana kwa mengine juu, na kadiri wachimbaji wanavyoifuata dhahabu ndani ndivyo naye anavyowafuata na magogo yake. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kushuka, fundi hutangulia. Hugonga kila nguzo kwa nyundo na kusikiliza. Nguzo nzima hulia. Nguzo iliyooza, au iliyolemewa ikaanza kupasuka kwa ndani, hutoa sauti nzito isiyokwenda mbali. Akipanda juu akisema "Ingieni," wanaume wanaingia. Akisema "Bado," wanakaa chini na kuvuta sigara, hata kama ni mpaka jioni.

Miaka ile ya kwanza Gisiri alisema "Bado" mara nyingi sana. Gordon, mwenye shimo letu, alipandwa na hasira mpaka jasho likamtoka. Gordon ni mtu mcheshi, anapenda kuchekesha watu, lakini hapendi siku ipite bila mawe kupanda juu. Alitishia kumfukuza.  Siku nyingine Gordon alileta magogo mabichi, na Gisiri akayarudisha kwenye pikapu moja baada ya jingine, akamwambia ayapeleke nyumbani wakapikie chai. Halafu masika yakapiga vibaya. Mashimo ya majirani yakajifunga na watu wakiwa ndani, letu likabaki wazi. Tangu hapo wachimbaji wakaacha kuuliza shimo lina dhahabu kiasi gani, wakawa wanauliza nguzo zake zimesimamishwa na nani. Mume wangu akiingia hotelini, mtu anainuka ampishe kiti. Yule waliyekuwa wakimwita "Mkuria" sasa akawa Fundi. Na mimi niliringa, mbona nifiche? Nilipita sokoni nikijua ninaangaliwa, na nilifurahi.

Masikio yake yaliondoka polepole. Baruti, jenereta, ile mashine ya kutoboa mwamba aliyokaa nayo chini miaka nenda miaka rudi. Masara hakuna anayeziba masikio. Mimi niligundua siku moja mchana. Alikuwa amekaa anakunywa uji, ameupa mlango mgongo. Mvua ikashuka juu ya mabati kwa kishindo ambacho hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Nguo zangu zilikuwa nje kwenye kamba. Na yeye akaniuliza, kwa upole kabisa, kama zitakuwa zimekauka kufikia jioni.

Nilimshika uso nikaugeuza kwangu.

"Baba Mourine, husikii mvua?"

Alitazama juu kwenye mabati, kisha akageuka mlangoni akaona maji yanavyotiririka uani. Akaweka kikombe chini. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake, lakini siku hiyo alilia.

"Nguzo nazisikia na mkono," alisema. "Nikiweka kiganja hivi, nagonga, naijua."

"Hiyo ya mkono ulianza lini?"

"Nimezoea."

"Mwambie Gordon ukweli. Akutafutie mtu wa kukusikilizia, wewe umfundishe kazi. Kuna aibu gani hapo?"

"Nikisema sisikii, kesho mimi ni nani hapa? Nirudi Kegonga kuchunga mbuzi za ndugu yangu?" Alinishika mikono. "Usinivue nguo mbele ya watu, Mama Mourine. Mvua ikikolea nitasema mgongo unaniuma. Nitatoka na heshima yangu."

Nilimhurumia. Mtu aliyejijenga kutoka chini namna ile, unamwambiaje kwamba imekwisha? Basi nikangoja. Mvua ikakolea, mgongo haukumuuma. Badala yake Gordon alimpa shimo jipya, refu kuliko lile la kwanza, na watu wakagombania kuandikwa humo kwa sababu fundi ni Gisiri. Nilimkumbusha ahadi yake akasema wiki ijayo. Nilimkumbusha tena, akakasirika na kuhamia kulala sebuleni.

Katika walioandikwa alikuwepo ndugu yangu Austine. Sisi ni watu wa Kisegi, upande wa Homa Bay, kwetu ni ziwani. Austine ndiye kitinda mimba wa mama. Samaki walipopungua, akaja kwangu Masara, akalala kwenye godoro la jikoni, akaanza kushuka shimoni. Alikuwa kijana wa vicheko. Alimwita Gisiri "shem" na kumbebea mfuko wa misumari utadhani anabeba Biblia ya askofu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuponda mawe pamoja na wanawake wengine, hapo hapo karibu na mdomo wa shimo. Siku moja Austine alikuja kula nyoyo nilizompikia, mahindi na maharagwe, akakaa kwenye jiwe kando yangu.

"Sista, leo shem ameniambia nishuke na yeye nimshikie tochi," akasema huku anatafuna. "Kuna nguzo kule mwisho, pale tunachimba. Ameigonga ikalia vibaya. Kama debe limejaa maji. Na hakushtuka. Akasema iko sawa, akapita."

Nyundo yangu ikasimama.

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini? Huyo ni Gisiri. Labda ni mimi sijui kusikia."

"Austine, shemeji yako hasikii. Masikio yake yamekufa."

 Akatabasamu, akaniwekea mkono begani. "Sista, kwani mmekosana?"

Nilitamani kumzaba kofi. Mtoto amesikia kwa masikio yake mwenyewe, masikio mazima ya kijana, na bado anaona heri ayakane kuliko amkane Gisiri.

Jioni hiyo nilimfuata Gordon kwenye pikapu yake. Nilimwambia taratibu, kwa adabu, kwamba fundi wake amepoteza masikio, na kuna nguzo mbovu chini, na amtafute mtu mwingine azigonge upya. Gordon alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mama Mourine, yawa! Amekunyima nini huyu mzee? Sema tu, nitaongea na yeye."

"Sina ugomvi na yeye. Nina ndugu yangu mle ndani."

"Na mimi nina watu ishirini mle ndani, na wote wameingia juu ya jina la bwana yako. Unajua nikisema hiyo kitu yako hapa, kesho nitabaki na nani?" Alipanda gari. Kupitia dirisha aliniambia nipeleke salamu nyumbani.

Sasa, kuna jambo lazima ulijue kuhusu pale kwetu. Karibu na mdomo wa shimo hakuna anayetamka habari ya kuanguka. Shimo lililofunika watu huambiwa limelala. Na mtu yeyote asithubutu kusema kwamba shimo litaanguka, maana kulitamka jambo hilo pale, wanaamini, ni kuliita. Akiteleza mtu akalisema, kazi inasimama. Huletewa kikombe cha maji yaliyotekwa humo shimoni, anayajaza mdomoni, anayatema juu ya udongo wa mdomo wa shimo na kusema, "Nimerudisha." Hapo ndipo watu wanashuka. Nilikuwa nalijua sharti hilo tangu nilipofika Masara, na nililiheshimu kama kila mtu.

Asubuhi iliyofuata Gisiri alipanda juu, akajipangusa tope, akasema, "Ingieni." Austine alikuwa wa kwanza, kamba tayari iko mkononi. Nilisimama, mawe yakamwagika kutoka mapajani mwangu.

"Msiingie!" nilipiga kelele. "Hilo shimo litaanguka! Huyu mtu hasikii! Hasikii kitu, litawaangukia!"

Mwanamke aliyekuwa kando yangu alijiziba masikio kwa mikono miwili. Wanaume waliachia kamba wakarudi nyuma. Kwa muda mfupi nilidhani nimeshinda, nami sikujali wataniita nani, bora wasishuke. Kisha nikaona kwamba hakuna hata mmoja anayelitazama shimo. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Rudisha," alisema mmoja wao. "Rudisha hayo maneno, mama."

Kikombe kikaletwa. Nikakataa.

"Sirudishi. Tafuteni mtu mwingine ashuke agonge. Nguzo ya mwisho. Ikilia vizuri nitarudisha, na mnichape."

"Mtu mwingine nani?" Gordon alifoka, na sasa hakuwa anacheka. "Nani Masara hii nzima anaweza kushuka kumkagua Gisiri?"

Walinisihi, wakanitukana, wakanisihi tena. Nilikaza meno. Nilijua kwamba wakati sijatema hayo maji hakuna atakayeshuka, na nilikuwa tayari kukaa pale na meno yangu yakiwa yamebanana mpaka Mungu arudi. Ndipo mzee mmoja akasema kwamba mdomo wa mke ni wa nyumba ya mumewe, kwa hivyo mume anaweza kumrudishia. Wakageuka wote kumwangalia Gisiri.

Alikuwa amesimama kando, macho yake yakitoka mdomo hadi mdomo, kama alivyokuwa amejifunza kufanya. Alikuwa ameelewa. Walimletea kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili na kunitazama. Nakuambia niliyaona machoni mwake yale machozi ya siku ya mvua, nikasema moyoni, sasa anasema. Sasa huyu mume wangu anasema. Nilimpenda sana kwa dakika hiyo.

Akajaza maji mdomoni, akatema.

"Nimerudisha," alisema. "Ingieni."

Walimpigia makofi. Wengine walimpigapiga mgongoni. Austine alipita mbele yangu akiwa ameinamisha kichwa. "Enda nyumbani, sista," alinong'ona. "Unatuaibisha." Akaikamata kamba, akashuka.

Sikwenda nyumbani. Nilirudi kwenye mawe yangu na hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Saa za kula zilikuwa bado. Kwanza ardhi chini ya makalio yangu ilitikisika kidogo, kisha vumbi likatoka kwenye mdomo wa shimo, jingi, jeupe. Sauti ilikuja baadaye na haikuwa kubwa. Wanawake wakaanza kupiga uwi. Gisiri alikuwa nyuma ya jenereta ananoa shoka lake, na niliona kwa macho yangu kwamba aliendelea kunoa mpaka alipowaona watu wanakimbia.

Walichimba siku nzima na usiku wake. Waliwatoa wengine wakiwa hai, wamevunjika. Austine alitolewa wa mwisho, pamoja na wenzake wawili waliokuwa kule mwisho. Alikuwa na udongo mdomoni. Niliutoa kwa kidole changu na hakuna aliyenisaidia.

Walipomaliza kupakia miili kuipeleka mochari ya Migori, askari mmoja aliuliza nguzo zilikuwaje. Gordon alilirudia swali hilo akiwa amesimama mbele ya fundi wake ili lisikike vizuri. 

"Nguzo zilikuwa sawa," alisema Gisiri. "Niligonga zote."  Ningekuwa nimemsamehe kama angeishia hapo, maana mtu mwenye hofu husema uongo. Lakini akaendelea. "Maneno niliyarudisha mimi. Labda mke wangu mwenyewe hakuyaachilia moyoni."

Basi ikawa hivyo. Wengine waliokota mawe ya kunipiga. Wanawake niliokaa nao miaka yote, tukigawana chumvi na vicheko, ndio waliokuwa mbele. Gisiri alinitoa pale akiwa amenishika mkono, na hilo pia likahesabiwa kuwa wema wake. Alinipandisha mimi na Mourine gari la kwenda kwetu, akasema nikae mpaka watu wapoe. Nilimuuliza kwa midomo tu, bila sauti, kama anajua alichofanya. Alikuwa hodari wa kusoma midomo. Akatazama pembeni.

Habari ilinitangulia Kisegi. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, na nilipoinama kumkumbatia hakuinua mikono.

"Trizah, nyathina," alisema, yaani mwanangu. "Ni kweli uliyatamka?"

"Niliyatamka, mama. Nilikuwa nataka kumwokoa."

"Uliyatamka kwenye mdomo wa shimo. Na ndugu yako ameshika kamba."

"Mama, yule mtu ni kiziwi! Nguzo ilikuwa mbovu na Austine mwenyewe aliisikia!"

"Kila shimo lililofungwa nguzo na huyo mtu unayemwita kiziwi limesimama," alisema mama. "Lililoanguka ni hili moja tu. Lile uliloliongelea."

 Alikuwa anasema kweli. Hakuongea nami tena siku zote za matanga.

Siku ya mazishi Gisiri alikuja na pikapu ya Gordon, na wachimbaji, na fahali wa kuleta kwa wakwe. Watu walisimama alipoingia bomani. Alipewa kiti cha mbele. Mama yangu, ambaye hakuwa ametoka kwenye mkeka kwa ajili ya chifu, alitoka kwa ajili yake, akamshika mikono yote miwili. Gordon alichukua maikrofoni akaeleza vile fundi huyu alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, kumtafuta shemeji yake. Hilo ni kweli pia. Kucha zilimng'oka. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa pamoja na watoto, na nilihisi kama nitapasuka.

Ulipofika wakati wa kutupa udongo, Gisiri alikwenda kusimama ukingoni mwa kaburi, ameinamisha kichwa. Nilipenya katikati ya watu. Nilisimama nyuma yake, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa koti. Niliita kwa Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani, ili asije akasema hakuelewa. Nilimwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya.

"Gisiri!"

Pasta akanyamaza. Waliokuwa wakiimba wakanyamaza.

"Gisiri! Geuka uwaambie watu ukweli! Gisiri, umemuua ndugu yangu!"

Nilipiga kelele kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Ng'ombe waligutuka. Mtoto mmoja akaanza kulia. Gisiri hakugeuka. Hata bega halikushtuka. Aliinama polepole, akachota udongo, akautupa taratibu kaburini, akasimama hapo akijipangusa viganja.

Niligeuka kuwaangalia watu wa kwetu. Walikuwa wameona, wote, mchana kweupe. Nadhani nilikuwa nacheka.

"Mnaona?" niliwauliza. "Mmeona sasa? Hasikii!"

Mama yangu alisogea mbele, ameshikwa na shangazi zangu huku na huku.

"Tumeona," alisema. "Tumeona mwanaume anatukanwa juu ya kaburi na hajibu. Mimi nimezeeka, na heshima kama hiyo sijawahi kuiona."

Watu wakaguna kumkubali. Mzee mmoja alivua kofia. Wajomba zangu walinikamata mikono wakanipeleka nyuma ya nyumba, na nilipopita mbele ya Gisiri ndipo aliponiona, akashangaa, akauliza kuna nini.

Nilikaa huko nyuma mpaka wageni walipokula na kuanza kuondoka. Gordon ana shimo jingine tayari, upande wa juu wa lile la zamani. Jioni niliona vijana wa Kisegi wakipanda nyuma ya pikapu yake, binamu yangu mmoja akiwemo, na mama zao wamesimama kandokando wakiwakabidhi kwa Gisiri mmoja mmoja. Gisiri aliwatazama midomo, akaitikia kwa kichwa, akamwahidi kila mmoja kwamba mwanawe atarudi.